Nimepogoa chai yote mara moja ili nisafiri

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Roret, sijatia chumvi.

Mimi ni dada mkubwa, firstborn. Wazazi walituacha nikiwa Form Two, nikatoka shule nikalea wadogo zangu wawili kwa shamba letu la chai. Sasa wamemaliza kusoma. Nina miaka 31, na mbali nimefika ni Sotik, hapa jirani tu.

Mwezi wa tano mvua ya mawe ilitukuta kwa kituo cha kupimia majani ya chai. Akaingia msichana Mkorea na baiskeli yake, amelowa chapachapa. Mina. Nikamkaribisha nyumbani, akakaa siku tatu.

Alikuwa anaelekea Ziwa Turkana, peke yake. Nilidhani kwao vijana husafiri tu hivyo. Kumbe mama yake hajamsemesha tangu aache kazi ya ofisi ili asafiri.

Mdogo wangu Kiprono, mtu wa kuruka kabla ya kuangalia, alifurahi sana kusikia safari hiyo.

"Lakini siz hawezi," akamwambia akicheka. "Huyu hata akienda choo anaacha maagizo."

Mina akaniuliza, "Kama hakuna mtu angekungoja, ungeenda wapi?"

Nikajibu hapo hapo: Turkana. Nilale mahali hakuna kijani hata kidogo.

Kiprono akaacha kucheka.

Mina akanialika twende. Nikakataa, majani hayangoji.

Kwa wasiojua chai: ukiipogoa, unakaa kama miezi mitatu bila kuchuma. Kwa hivyo mimi hupogoa kipande kimoja kila mwaka, kwingine majani yaendelee. Watoto walihitaji kula.

Mina alipoondoka nilisimama barabarani mpaka baiskeli ikapotea. Roho iliniuma, wakuu. Watoto gani? Kiprono ana ndevu.

Wiki iliyopita nimepogoa shamba lote. Jirani yetu Mama Chela akasimama kwa ua.

"Wewe! Umerogwa?"

"Nasafiri, mama. Turkana."

"Woi! Nani amekufa?"

"Hakuna. Naenda kuona ziwa."

"Na hiyo ziwa iko na nini?"

"Hata sijui."

Akaenda akitikisa kichwa.

Nilichojifunza: usimwite mtu mwoga kabla hujajua amebeba nini. Na wewe uliyebeba, angalia kama mzigo bado uko mgongoni ama ni mazoea tu.

Ng'ombe nimemwachia Kiprono. Naondoka Jumatatu.

Mliofika Turkana, niambieni: mtu hubeba nini huko?