Koti la Kaka Yangu Mnadani

Vita vya kwetu ng'ambo ya mpaka vilipoingia mwaka wa pili, kanisa letu la wakimbizi hapa Kayole lilianza kuwachangia wapiganaji. Mchungaji alisema ni pesa za dawa na viatu. Hakuna aliyeuliza kama ni hivyo tu. Mimi pia sikuuliza.

Baada ya ibada huwa tunafanya mnada. Mtu huleta alichonacho, kuku au mkungu wa ndizi, watu wakashindana kupandisha bei, na anayeshinda humrudishia mwenyewe kitu chake kwa heshima. Jumapili hiyo nilipeleka koti la kaka yangu. Alilinunua kwenye mitumba ya soko la Gikomba, na aliporudi nyumbani kupigana aliniachia akisema begi limejaa. Aliuawa kabla ya Krismasi. Nilijua koti litarudi kwangu. Nilitaka tu watu walione.

Aliyenadi alikuwa mama mmoja wa kwaya. Aliliinua juu, akawauliza wazee waliotoka Buruburu, mtaa wa wenye nafasi, kama mikono imegandia mifukoni. Watu wakacheka. Mzee mmoja akalinunua, akasema liuzwe tena. Akina mama wakachanga, wakalinunua, nao wakalirudisha mezani. Kinanda kikaongeza kasi, vigelegele vikapanda, nami nikajikuta nacheza, mara ya kwanza tangu msiba. Kila bei ilipopanda niliona kama kaka yangu ndiye anayebebwa juu juu. Nakiri sikuwaza risasi hata kidogo.

Bei ya mwisho ilitoka nyuma, kwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Shauri Moyo. Alikuja mbele, akalipa, akalivaa. Mimi tayari nilikuwa nimenyoosha mikono kulipokea.

“Dada, nisamehe,” akasema. “Naondoka Alhamisi kwenda vitani. Kule milimani kuna baridi.”

Ukumbi mzima ukashangilia. Mama wa kwaya peke yake alinitazama, akingoja. Ningeweza kukataa, na hakuna ambaye angenilaumu, maana desturi tunaijua sote. Miguu bado ilitaka kucheza. Nikamtazama mabega. Koti lilimkaa vizuri kuliko lilivyomkaa kaka yangu.

“Mfuko wa kushoto umetoboka kwa ndani,” nikamwambia. “Usiweke simu humo.”

Akaingiza mkono, vidole vikatokea chini kwenye pindo, tukacheka sote wawili. Kisha nikamfunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni.