Nilidhani bibi yangu amenichoka, kumbe masikio yangu ndiyo yameenda

Wakuu, habari zenu. Nawaandikia kutoka Kisegi, huku Suba South. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na bibi yangu ameyasoma kabla sijapost. Nikidanganya, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kunikosoa hapo chini.

Kazi yangu ni kusaga. Nina miaka arobaini na moja, na kumi na mbili kati ya hiyo nimeimaliza ndani ya posho mill hapa sokoni. Chumba cha mabati, injini ya dizeli, mimi na vumbi la unga.

Yeyote amewahi kusimama kwa mlango wa posho mill anajua ile kelele. Mteja anakaa dakika kumi anaenda zake. Mimi nakaa asubuhi mpaka jioni.

Ilianza na mlio. Jioni nikizima injini, kelele inaisha kwa chumba lakini kwa kichwa inabaki, kama nyenje. Nikasema ni uchovu.

Halafu maneno yakaanza kupotea. Sauti nasikia, lakini neno limeliwa katikati. Ukiuliza "nini?" mara ya kwanza watu wanarudia. Mara ya tatu wanakunja uso. Nikajifunza ujanja: mtu akitabasamu natabasamu, akicheka nacheka, akinyamaza nasema "sawa sawa, hiyo ni poa."

Huo ujanja karibu unimalize.

Sisi ni Wasabato, na nilikuwa naimba bass kwa kwaya. Siku moja mwalimu wa kwaya akanivuta kando, akaniambia nipumzike kidogo. Sikumuuliza sababu. Nilijiambia hawanitaki tu. Kutoka hapo nikaanza kuona watu wakiongea chini chini nikipita sokoni. Wakicheka, najua ni mimi wananicheka.

Nyumbani ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akinyi, bibi yangu, aliacha kuongea na mimi. Chakula anaweka mezani vizuri, maji ya kuoga anaweka, lakini neno hakuna. Miezi miwili hivi. Akipigiwa simu anatoka nje. Nikaamua moyoni kwamba amepata mtu.

Usingizi ukaniruka. Tumbo likaanza kuuma, nikanunua dawa ya vidonda vya tumbo kwa chemist. Kichwa kikauma, nikanunua ya malaria. Nilikuwa nameza tu, hata kupimwa sijapimwa.

Sasa ikafika siku ya soko. Mama Rose, mteja wangu wa miaka mingi, alisogea karibu na mashine kuangalia unga wake. Mkanda wa mashine ukashika leso yake. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nafunga gunia.

Alipiga mayowe. Sikusikia.

Bwana Hamisi, anayeuza nafaka chumba cha pili, ndiye alikimbia akazima injini. Mimi niligeuka kwa sababu mashine imenyamaza. Nikaona mama wa watu yuko chini, mkono umechubuka kutoka kiwiko mpaka bega, na watu wote wananiangalia.

Hamisi akanisogelea uso kwa uso. "Nimekuita mara tatu, ndugu yangu."

Mungu alisaidia, mkono haukuvunjika. Lakini soko zima lilisema nilisikia nikapuuza. Nilifunga mlango nikaenda nyumbani, na wiki mbili sikutoka.

Hapa nitasema ukweli, kwa sababu sisi wanaume hatusemi. Nilifika mahali nikawa nawaza kwamba hii nyumba ingekuwa na amani zaidi bila mimi. Nawaza hivyo huku nimekaa, nakunywa chai. Hakuna mtu angejua.

Mchana mmoja nimekaa kwa mlango napukuchua mahindi, Akinyi akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Baba Atieno, nimekuita kutoka jikoni mara nne. Hata mtoto amekuita. Unasikia ama husikii?"

"Nasikia."

"Geuka uangalie ukuta."

Nikageuka. Nikangoja. Kimya. Nikafikiri ameondoka. Nilipomwangalia tena alikuwa palepale, machozi yanamtoka.

"Nimeita jina lako," akasema. "Nimeliita kwa nguvu."

Akafuta uso, akauliza, "Ile siku nilikuambia mama amelazwa, ulisikia?"

"Mama gani?"

Wakuu, mama yake, kule Lambwe, alipata stroke. Jioni moja mvua ikipiga mabati, Akinyi aliniambia habari hiyo tukiwa mezani. Mimi sikushika neno, nikadhani ni utani, nikacheka, nikasema "sawa sawa, hiyo ni poa." Nikaendelea kula.

Ndiyo maana alinyamaza. Simu alizokuwa akitoka nazo nje ni za ndugu zake, wanampa habari za mama. Alitoka ili nisije nikacheka tena.

Nililia mbele ya bibi yangu kwa mara ya kwanza.

Kesho yake tulikuwa Homa Bay, hospitali. Daktari wa masikio alikuwa msichana mdogo, mpole. Akaniingiza kwa kachumba, akanivalisha headphones, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa na kidole tayari, nangoja uanze. Nilibonyeza mara chache. Baadaye akafungua mlango.

"Tumemaliza," akasema.

Mimi nilidhani ndiyo kwanza tunaanza.

Alinieleza akinitazama, polepole. Kelele ya miaka mingi imeharibu sikio la ndani, na kilichoenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, na kifaa cha kusikia kitasaidia sikio la kushoto. Halafu akauliza kitu sikutarajia: "Na usingizi je? Unalala?"

Nikamwambia yote, hata yale mawazo ya chai. Akinyi alikuwa pale, akanishika mkono. Yule daktari hakushtuka. Alitupeleka mwenyewe mpaka kwa mshauri, mzee mmoja mtulivu.

Mzee akaniambia, "Usiposikia vizuri, akili inajaza mapengo yenyewe. Na ikiwa imechoka, inajaza na mabaya."

Miezi yote hiyo nilikuwa nameza dawa za tumbo!

Tuliporudi niliamua kusema wazi. Nilianza kwa Mama Rose. Nilimwambia masikio yangu yameharibika na kosa ni langu, sikusema mapema. Akasema, "Basi funika huo mkanda." Nikaufunika kwa wavu wa chuma wiki hiyo hiyo. Sasa kuna kamba, hakuna mteja anayeivuka, na mimi navaa earmuffs za kuziba masikio injini ikinguruma.

Lambwe ndiyo ilikuwa ngumu. Kwetu Wajaluo huwezi kukaa karibu na maro, yaani mama mkwe. Ni heshima. Kwa hivyo mimi niko upande huu wa sebule na yeye upande ule, na tangu stroke anaongea chini, ulimi mzito. Hakuna neno linanifikia.

Akinyi akaweka kiti katikati. Mama anaongea, yeye ananigeukia, anarudia. Niliomba msamaha, nikaeleza ile jioni ya mvua. Maro aliniangalia, midomo ikasogea.

"Anasema hata yeye maneno siku hizi yanatoka yamevunjika," Akinyi akanirudishia. "Anasema nyinyi wawili mtaelewana."

Nimepata kifaa cha sikio la kushoto. Mlio bado uko. Kwa mshauri naenda kila mwezi na sitaacha. Kuna siku mbaya, lakini siku hizi nikiona watu wanacheka nawauliza wanacheka nini, na mara nyingi ni kitu cha kuchekesha kweli.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa natibu tumbo na kichwa, nashuku bibi na majirani, na shida ilikuwa sikioni. Kuikubali kulichukua dakika moja, kuificha kulikula miaka. Mwili ukiumia na ukanyamaza, akili nayo inaumia. Kama unafanya kazi kwenye kelele, linda masikio leo. Kama una mzee nyumbani ambaye amekuwa mkali ama amejitenga, usiseme ana kiburi. Msogelee, mtazame usoni, muulize kama anakusikia. Na kama una mawazo kama yale yangu, mwambie mtu mmoja leo.

Nani mwingine amepitia hii? Welder, DJ, wa jenereta, wa kuvunja mawe, leteni yenu. Msiogope kuandika kirefu. Kusoma, mimi sipitwi na neno.