Mchina Amefika Butiama

Sababu ya mimi kuondoka Musoma ilikuwa dada yangu Nyangeta. Yeye anachanja kuku katika vijiji vya Butiama, na kazi hiyo hufanywa alfajiri, kuku wakiwa bado bandani, maana wakishafunguliwa huwapati tena. Anatembea kwa miguu. Akifika kaya ya tatu jua limeshatoka, na waliobaki wanasubiri siku nyingine. Kuku wao hawasubiri, wanakufa.

Kikundi cha wafugaji kilichomchagua kiliamua kumnunulia pikipiki, kisha kikagawanyika. Wengine walitaka ile mpya ya Kichina, ndefu, yenye mdomo mbele kama wa bata na keria za chuma, ile ambayo madukani wanaiita ya safari. Wengine, Mwenyekiti akiwa mbele yao, walisema Mchina hawamtaki, wangoje ya Kijapani iliyotumika. Walishaingoja mwaka mzima. Mwishowe duka moja la Mukendo, Musoma mjini, likakubali kutoa ile ya Kichina ijaribiwe: ikifaa ibaki, isipofaa irudi. Nikatajwa mimi niiendeshe, kwa kuwa niliwahi kuendesha bodaboda pale Nyasho kabla ya kuingia useremala. Nilisema mimi sifai kuwa shahidi, ni ndugu yake. Wakasema ndiyo maana wananiamini, mimi hata ndugu yangu namsema.

Ijumaa asubuhi, Mukendo. Mwenye duka alinionyesha ukurasa wa gazeti la pikipiki, ameuvika plastiki na kuubandika ukutani. Aliyeijaribu anaisifu kwelikweli, anasema kiti chake unakaa kutwa bila kuchoka. Jioni iliyotangulia rafiki yangu Magesa wa Nyasho alikuwa amenionyesha kwenye simu gazeti lingine, pikipiki ileile, hata picha ileile, na huyo anasema kiti ni ubao, cheni inapiga kelele, na mwenye busara asubiri wenzake wanunue kwanza. Mimi Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, nilichoishia, kwa hiyo nilidhani labda sikuelewa mmojawapo. Nilirudia tena na kamusi. Nilikuwa nimeelewa. Hapo ndipo hasira zilipoanza, maana watu wawili waliosoma, wenye kalamu, wamekalia kiti kimoja na hawakubaliani.

Ubao naujua, ndiyo kazi yangu. Kufika Bweri nilishakubaliana na yule wa pili. Lakini siwezi kumwita wa kwanza mwongo. Huenda makalio yake ni tofauti na yangu.

Nimeruka kitu. Kabla ya Bweri nilipitia Nyasho kuchukua koti, na vijana wa kijiweni wakaizunguka. Mmoja akaivuta cheni kwa kidole, ikacheza juu na chini. Akasema Wachina huwaga hawakazi, wanaacha hivyohivyo. Sijajibu, spana imeshatoka, cheni imekazwa. Kwetu bodaboda yenye cheni inayoning'inia ni aibu, ni kama shati lisilo na vifungo. Nilishukuru. Kusema kweli hata mimi nilikuwa nimeiona imelegea.

Makutano nilisimama kuweka mafuta. Mtoa mafuta, kijana mwenye kofia, aliitazama kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma.

"Kaka, hii si ya Mchina? Utasukuma."

"Imetoka Musoma haijazima."

"Nakwambia mapema tu, usije ukasema hukuambiwa."

Mzee aliyekuwa nyuma yangu akaeleza habari ya simu yake ya Kichina iliyovimba betri. Nikamwambia simu na pikipiki si ndugu. Akasema wamezaliwa nyumba moja. Watu wakacheka, nami nikacheka, ila nilipoondoka nilikuwa nimekasirika. Kutoka hapo mpaka Kiabakari niliisikiliza pikipiki badala ya kuiendesha. Kila mlio mdogo nilijiambia ndiyo hiyo, inakufa. Haikufa. Ilivuta vizuri, mashimo iliyameza kuliko bodaboda yoyote niliyopanda. Kwa upande mwingine breki ya mbele lazima uiombe mara mbili, na vioo vinatetemeka mpaka lori moja nyuma yako unaliona mawili. Nasema yote.

Kiabakari nilikunywa chai. Nilipotoka nikamkuta fundi wa pale, ambaye sikumwita, amepiga goti nyuma ya pikipiki yangu. Alisema cheni ni nzuri ila ameikaza kidogo zaidi kwa ajili ya njia, na hataki kitu, ni msaada tu. Sasa mtu anayekusaidia bure utamkataaje? Nikashukuru tena.

Saa sita, Bunda. Nyangeta alikuwa ananingoja penye kivuli cha duka la pembejeo, ametoka kuchukua chanjo, sanduku la barafu likiwa miguuni. Dada yangu ni mwanamke mwenye mwili, na ameniruhusu niandike hivyo. Tulifunga sanduku kwenye keria, akapanda, nikaiondoa. Hatujatoka hata mjini, nyuma kukaanza kulia kama nguruwe wadogo wananyang'anywa chakula. Watu wa Bunda waligeuka wote. Mmoja akasema kwa sauti, "Mchina huyo anaaga." Nyangeta akaniuliza nimemfanya nini huyo Mchina. Nikasema sijafanya kitu. Akasema basi ndiyo hivyo, atarudi kutembea, Mwenyekiti alishasema.

Tulipouacha mji mlio ulizidi na pikipiki ikawa inashtuka kama imepigwa teke. Nikasimama. Nikamwomba ashuke, nikazungusha gurudumu: kimya. Akapanda: cheni ikakazika kama waya wa gitaa. Akashuka, ikalegea. Nikamwomba apande tena.

"Magige, unanifanyisha mazoezi?"

"Panda dada. Mara ya mwisho."

Haikuwa ya mwisho. Ila hapo nikaelewa, na nikajisikia mjinga. Shokapu za pikipiki hii ni ndefu. Mzigo ukikaa, inainama sana, na ikiinama cheni inavutwa. Ile nafasi tuliyoiona ni ulegevu iliwekwa kwa ajili ya mzigo. Bodaboda zetu haziinami hivyo, kwa hiyo mkono wa kila mtu wa huku ukiona cheni inacheza unatafuta spana. Tulikuwa tunaiua kwa upendo, kuanzia Nyasho mpaka Kiabakari, halafu ikilia tunasema Mchina. Nikailegeza Nyangeta akiwa amekaa juu yake. Mlio ukaisha. Yule mwandishi wa pili wa gazeti aliandika kelele za cheni. Labda ilikuwa kelele kweli. Labda na yeye ana majirani wenye spana. Siwezi kujua.

Alasiri, Butiama. Tulipanda kutoka Kiabakari, vilima na mawe, bila neno baya la kuandika. Kikundi kilikuwa kimekaa nje ya kanisa. Mwenyekiti akaniambia nieleze, kwa haki. Na mimi kwa haki nikaanza na kiti. Nikaja kwenye breki, vioo, bolti moja ya keria iliyodondoka sijui wapi. Nikaanza habari ya cheni kuanzia mlio. Nyangeta alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia kwenye maharage.

"Mmesikia," Mwenyekiti akasema, "na huyu ni ndugu yake."

Nikasema sijamaliza, mlio tuliufanya sisi. Lakini watu walishaanza kuongea. Mtu akishasikia breki mbovu na cheni inalia, hangoji sentensi inayofuata. Nilijaribu mara mbili, sauti yangu ikapotea. Ndipo Nyangeta akasimama.

"Mwenyekiti, kesho alfajiri nina kaya za kule mlimani. Chanjo iko kwenye barafu. Hiyo ya Kijapani niifuate wapi?"

Mama mmoja nyuma akacheka puani. Wakakubaliana aende na Mchina kesho, kisha wataona.

Jumamosi niliamshwa na muungurumo wa pikipiki ukipanda kilima, Nyangeta akiiendesha mwenyewe. Alirudi jua likiwa bado chini, kaya zote za upande ule zimekwisha, hata zile ambazo kila msimu huachwa. Akasema breki ya mbele inamtisha na kiti ni ubao. Mwenyekiti alikuwa amekuja kuangalia. Akainama moja kwa moja kwenye cheni.

"Mbona imelegea? Nipe spana."

"Kwanza kaa, Mwenyekiti."

Akakaa. Nyangeta akakaa nyuma yake, uzito wote, na sanduku. Akamwambia ashushe mkono aiguse cheni. Akaigusa, ulegevu ule haupo. Akashuka taratibu, akajifuta mafuta kwenye majani, akasema basi ibaki. Kwa kumtendea haki, alisema kwa sauti ya wote kusikia. Akaongeza kwamba ya Kijapani ingekuwa bora zaidi.

Jumamosi hiyohiyo mchana nilirudi Musoma kwa gari. Nilishuka Nyasho, kofia ngumu ya pikipiki mkononi. Magesa akaniona kutoka mbali, akaja amenyoosha mikono yote miwili.

"Pole sana. Imefia wapi?"

Nikamweleza haikufa, iko Butiama, inafanya kazi. Akatikisa kichwa kama mtu aliye msibani, akasema hata ya shemeji yake ilibaki hukohuko. Kabla sijafika nyumbani nimepewa pole na watu wanne, na muuza dagaa akaniuliza kama ni kweli iliungua Kiabakari. Nilisimama nikaeleza upya kila mara, nikianza na kufika, kisha kiti na breki. Haikusaidia sana.

Ninachoweza kusema nimejifunza ni hiki. Pikipiki iliyoharibika inakaa kando ya barabara, kila mpita njia anaiona na kuisimulia. Iliyo nzima haionekani, iko kazini. Mimi mwenyewe sijui kama hii itadumu. Sijui, na magazeti yale mawili hayajui. Lakini leo iko Butiama. Anayetaka kuiona aende, ila awahi, maana alfajiri inaondoka.