Mama na Mkwe Wake Ndani ya Ndege Moja

Mnivumilie. Herufi zangu hupanda na kushuka, na maneno mengine sijui kuyaandika vizuri. Shule niliishia darasa la nane.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikaa nje kidogo ya Kitale. Dada yangu alijifungua mapacha ng'ambo, akawa analia kwenye simu kwamba hawawezi peke yake. Mume wake, mtu wa Myanga huko Bungoma, akaja kumchukua mama. Kampuni yake ilikuwa imewalipia yeye na mama daraja la biashara. Shemeji alileta picha ya viti vya ndege kutoka saiba, kwenye kompyuta za kulipia, mama achague.

Sasa, kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai karibu, na kulala nyumba moja ni aibu kubwa. Huko ng'ambo dada alishapanga mama alale kijumba cha uani. Ndege ndiyo ilileta shida. Shemeji aliketi nje kando ya ghala la mahindi, mama jikoni, na mimi ninayeona haya hata kusalimia wageni nikawa wa kubeba maneno.

"Mwambie nimemwekea dirishani," shemeji akasema. "Mimi niko nyuma yake. Kiti kinalala chote, kinakuwa kitanda!"

Mama aliweka mwiko chini. "Ati kitanda? Nilale, mkwe wangu ananipita akienda choo?"

Nikarudi nje. Shemeji akajikuna kichwa. "Mwambie kila kiti kina kikuta. Kinafika begani."

"Begani!" mama akapiga kelele. "Na miguu je? Siendi. Si hao mapacha waje wenyewe!"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Halafu nikaona mama anapangusa macho kwa leso, akitazama kofia mbili ndogo alizokuwa amefuma. Nikaacha kucheka.

Nilichukua ile picha nikaketi nayo chini. Mbele na nyuma kulikuwa na alama za vyoo, na katikati ya viti vya mbele na vya nyuma kulikuwa na alama ya mlango na visanduku. "Shem, hivi visanduku ni nini?"

"Hapo ni jikoni. Lakini usimpeleke mama huko, bana. Watu hukimbia viti vya karibu na jiko. Vyombo vinalia, taa zinawaka."

Sikungoja amalize. "Mama! Ndani kuna jiko zima! Wewe utakaa mbele na choo chako, yeye nyuma ya jiko na chake. Mlango wa kuingilia uko hapo jikoni, hatakupita hata kidogo!"

"Hilo jiko lina kuta?"

"Mbili!"

Mama akafikiri, tabasamu likaanza kumjia. "Basi kule ni nyumba nyingine. Mwambie nataka kiti kinachogusana na jiko kabisa. Vyombo vikilia nitajua niko kwa watu."

Shemeji aliposikia aliruka, kuku wakatawanyika. Alikimbia kwenda mjini kubadilisha viti bila kumaliza chai, na mama akaanza kuimba huku akifunga kofia kwenye begi.

Mama alipofika ng'ambo alitupigia simu. Alilala amejinyoosha safari nzima, na hakuona hata kiatu cha mkwe wake.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama kwenu pia wakwe walisafiri pamoja, niandikie uniambie mliwaketisha vipi.