Ulikokwenda Wino wa Chadia

Kwa miaka minne Chadia alikuwa akichapa barua, vyeti na mitihani ya shule katika chumba kimoja karibu na soko la Kasongo. Alikuwa mwanamke wa kusema kidogo na kutazama sana. Waliomfahamu walisema tabia hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, muuza nguo ambaye hakuwahi kununua jora bila kulikunjua mpaka mwisho.

Aliyefanya naye kazi ni Emile, mtu mzima kutoka Wamaza aliyemzidi kwa zaidi ya miaka kumi. Zamani alifundisha shule ya msingi, na mji mzima ulimwita Mwalimu. Chadia naye alimwita hivyo hivyo.

Shida ilikuwa wino. Kartushi, yaani vile vichupa vya plastiki vinavyobeba wino ndani ya mashine, zilitoka Bukavu au Kindu, na mvua ikichafua barabara zilichelewa hata wiki tatu. Yakubu, mfanyabiashara aliyeziuza, alisema kila moja inatoa kurasa mia mbili na zaidi. Chadia alihesabu kwa mwezi mzima. Hakuna hata moja iliyovuka mia na ishirini kabla herufi hazijaanza kufifia.

Ndipo shaka ilipomwingia. Mwalimu ndiye aliyebadilisha kartushi. Mwalimu ndiye aliyebaki peke yake chumbani kila adhuhuri, Chadia anapokwenda kuswali. Na ng'ambo ya soko kulikuwa na chumba kingine cha kuchapa ambacho, kwa namna asiyoielewa, hakikuwahi kuishiwa wino. Chadia hakumwambia mtu. Alianza tu kurudi kutoka kwenye swala mapema kidogo, kwa njia ya nyuma, akimkuta Mwalimu ameketi palepale alipomwacha, akisoma gazeti la zamani.

Hakuridhika. Akaenda kwa mjomba wake Mahamudu, mnunuzi wa dhahabu inayotoka machimbo ya Lusangi, mwenye mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya gramu. Akamwomba ampimie kartushi mpya. Kesho yake akaja nayo tena, na keshokutwa. Mara ya tatu Mahamudu aliishika kartushi ile, akaitikisa sikioni, akaitazama upande wa chini. Akamwuliza ni nani amempa dhahabu aifiche ndani ya wino, na kwa nini hamwamini mjomba wake. Chadia alilazimika kuitoboa mbele yake hadi vidole vyote vikawa vyeusi. Hata hivyo mjomba hakuonekana kusadiki sana.

Mizani ilisema jambo moja tu: uzito ulikuwa ukipungua kupita kiasi cha kurasa zilizochapwa. Kuna mahali wino ulikuwa ukienda.

Kisha Mwalimu akafiwa na shangazi huko Wamaza, akaondoka kwa pikipiki kwa siku tano. Chadia aliweka kartushi mpya kwa mkono wake mwenyewe, akafunga chumba kwa kufuli jipya. Alikuwa na uhakika kwamba sasa atapata ushahidi.

Siku ya kwanza mvua ilinyesha kutwa. Wateja walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi yake. Kwa kuwa mafuta ya jenereta ni ghali, aliiwasha kwa kila mteja na kuizima alipoondoka. Jioni alikuwa amechapa kurasa sita. Alipopeleka kartushi kwa Mahamudu, ilikuwa imepoteza uzito mwingi kuliko siku yoyote ambayo Mwalimu alikuwepo.

Alirudi kwenye mashine. Kisha akachukua bisibisi, akaifungua kutoka chini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Ndani kulikuwa na tabaka la pamba nene, na pamba yote ilikuwa imelowa wino mweusi, tepetepe kama matope ya bondeni. Alielewa. Kila inapowashwa, mashine husafisha matundu yake kwa kutema wino, na wino huo huishia kwenye pamba. Siku nyingine iliwaka kwa wateja wengi mfululizo; siku ile ya mvua aliiwasha upya kwa kila karatasi.

Halafu akachukua kartushi iliyokwisha, akaipasua kwa kisu. Ndani ilijaa sponji kutoka ukuta hadi ukuta. Alipoikamua, wino ukamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Alipima kila kitu siku iliyofuata: katika gramu ishirini za wino, sita zilibaki kwenye sponji na tano au zaidi zilikwenda kwenye pamba. Karatasi ilipata chini ya nusu.

Aibu ilimshika, lakini alijiambia kwamba kwa kuwa hakusema kitu, hakuna aliyekosewa.

Mwalimu aliporudi, Chadia alimwonyesha pamba na sponji. Alimweleza yote, ila hakutaja mizani wala kufuli. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye kona, akavuta boksi kutoka chini ya meza ya kutolea nakala, akalifungua. Mlikuwa na kartushi zilizokwisha, zaidi ya thelathini, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye tarehe na idadi ya kurasa.

"Nilijua unanipima, Mama Chadia," alisema kwa upole. "Tangu ile siku ya kwanza ulipitia nyuma. Nikasema, siku moja huyu mama atanipeleka kwa polisi. Bora niwe na kitu cha kuonyesha."

Chadia alisema, "Unisamehe, Mwalimu."

"Imeisha," alijibu. Lakini tangu siku ile hakukaa tena chumbani peke yake. Chadia alipokwenda kuswali, yeye alitoka akasimama nje ya mlango, watu wote wakimwona.

Boksi lile ndilo lililoanzisha kazi ya kutengeneza kartushi isiyopoteza wino. Chadia alikuwa na maganda thelathini ya kuharibu, na aliyaharibu. Kwanza aliondoa sponji yote; wino ukamwagika ndani ya mashine, ukaiharibu kazi ya mwanafunzi mmoja, kurasa hamsini. Alipoacha nusu ya sponji, wino ulivuja polepole badala ya kumwagika.

Jibu alilipata nyumbani kwa mama yake, Fatuma, aliyekuwa akifuga kuku. Mama Fatuma alikuwa amejaza chupa maji, akaipindua juu ya kisahani kwa ajili ya vifaranga. Maji hayakumwagika. Kifaranga akinywa, maji yanashuka kidogo, kisha yanasimama. Chadia alichuchumaa pale mpaka mama yake akamwuliza kama anaumwa.

Aliigawa kartushi vyumba viwili kwa kipande cha plastiki alichokata kwenye bidoni, yaani dumu kuukuu. Chumba kikubwa hakikuwa na sponji, kilijaa wino mtupu wa chupa ulioagizwa Bukavu na kilizibwa juu kabisa, hewa isiingie. Chumba kidogo kilikuwa na kipande cha sponji juu ya tundu la kutokea, pamoja na kitobo cha hewa. Chini, mwanya mwembamba uliviunganisha, wino ushuke kidogo kidogo kama maji ya vifaranga. Sakafu aliiinamisha kwa gundi, ili hata tone la mwisho literemke. Mwalimu ndiye aliyependekeza betri ya sola, mashine ikae imewashwa kutwa isiteme bure.

Kartushi ya kwanza iliyofaulu ilitoa kurasa mia mbili na sitini.

Hapo ikaja zamu ya Chadia kushukiwa. Yakubu aliona haji kununua tena, akaanza kusema sokoni kwamba wino wake ni wa kuchanganya, utapauka na vyeti vya watu vitabaki karatasi nyeupe. Karani wa ofisi moja akakataa barua zilizochapwa kwake. Wengine walinong'ona kwamba anayeweza kutengeneza kartushi anaweza kutengeneza na mihuri.

Estelle, mkurugenzi wa shule huko Nyangwe, alikuja na mitihani yake na maneno makavu. "Miye sitaki hadisi. Niko naikaa hapa mpaka ukurasa wa mwisho." Alitia sahihi yake juu ya kartushi ili isibadilishwe, akavuta kiti mbele ya mashine, akahesabu kurasa kwa sauti. Zilipofika mia mbili na arobaini herufi zikiwa bado nyeusi, aliacha kuhesabu. Lakini alipeleka kurasa tatu nyumbani. Moja aliiloweka majini, moja akaianika juani mwezi mzima, moja akaifungia sandukuni. Aliporudi hakumsifu Chadia. Alileta tu mitihani ya muhula uliofuata, na kwa watu waliomjua Estelle, hilo lilitosha. Karani naye akaanza kupokea barua.

Mwaka uliofuata Mwalimu aliaga. Alitaka kufungua chumba chake Wamaza, karibu na watu wake. Chadia alimpa kartushi tatu na mashine ya zamani. Alipomwona akizifunga kwenye boksi, shaka ile ya kale ilimrudia: sasa atauza ujuzi wangu kote Kabambare, wilaya ya kwao. Alimsaidia kukaza kamba. Mwalimu alimtazama, akatabasamu kidogo, na ilikuwa wazi kwamba ameliona hata hilo.

Na kweli aliufundisha. Miezi minane baadaye mtu aitwaye Gaston alikuja kutoka Kabambare na kartushi iliyoziba kwa vumbi, akisema ilitengenezwa Wamaza. Chadia aliipasua akiwa amekunja uso, tayari kuona kazi yake imeibwa. Vyumba viwili vilikuwepo, na sakafu iliyoinama. Lakini kitobo cha hewa hakikuwa pale alipozoea kukitoboa yeye. Hewa ilipita ndani ya mrija mwembamba uliozungushwa mara tatu, ili wino usikauke wala usivuje pikipiki inapoanguka barabarani. Jambo hilo lilikuwa limemshinda tangu mwanzo.

Aliugeuza mrija ule mbele ya dirisha, akautazama kutoka kila upande, akitafuta kasoro. Hakuiona. Akamwomba Gaston akae angojee, akaanza kuuchora kwenye karatasi, na pembeni akaandika jina la Mwalimu: Emile.