Panya Niliyempelekea Chebet

Naona haya kusimulia haya, lakini nyinyi ni watu wangu, na aliyeaibika zaidi siku ile hakuwa mimi.

Miaka ya sabini nilikuwa naosha vizimba vya panya kwenye maabara moja Nairobi. Wataalamu waliwadunga panya dawa ya kuwaangusha kifafa, ila wengine walitangulia kuwapa asidi amino (vitu vidogovidogo vinavyojenga protini, vimo hata kwenye maziwa), na hao walichelewa kuanguka, mmoja hakuanguka kabisa. "Usishangilie," wakaniambia, "hawa ni panya tu." Mimi nilishangilia, kwa sababu dadangu Chebet alikuwa akianguka tangu utotoni, na nilitamani apone kuliko nilivyotamani kitu chochote duniani.

Basi nikamtia yule panya kwenye mkebe wa majani chai, nikampeleka kwetu Silibwet ili Chebet amwone kwa macho yake. (Wizi, ndiyo. Nimeshasema naona haya.)

Kumbe siku hiyo wageni kutoka Londiani wamekuja kumposa, tena kwa kijana anayempenda, Baba ameulizwa kama kuna ugonjwa nyumbani, amejibu hakuna, Chebet anamimina mursik, maziwa yetu ya kibuyu, amependeza kweli, nami kwa furaha nikaweka mkebe chini, kifuniko kikafunguka, panya akapanda rinda la mama wa kijana, mama akaruka juu ya kiti, maziwa yakamwagika, na mimi nikapiga magoti katikati ya wazee nikilia, "Msimkanyage! Huyo ni wa kifafa!"

"Kifafa ya nani, kijana?" mzee mmoja wa Londiani akauliza.

Ningenyamaza tu. Badala yake nilimtazama Chebet, na wote wakafuata macho yangu.

Waliondoka bila kuonja maziwa yaliyobaki, na Baba hakunisemesha kwa miezi. Chebet ndiye aliyemkamata panya, akamweka kiganjani, nami nikamweleza habari za maabara.

"Huyu hajaanguka kabisa?"

"Hata mara moja."

"Basi wacha akae na mimi."

Tangu siku hiyo sijabeba kitu cha kazini kwenda nacho nyumbani, hata kalamu, na sitabeba. Dawa ile haikufika Silibwet. Chebet tulimzika bila kuolewa. Lakini redio ikitaja dawa mpya ya kifafa bado naongeza sauti, nasikiliza mpaka mwisho, halafu nakumbuka sina wa kumpelekea.