Kuku wa Posta

Phelista Nasike hakwenda Kitale kutafuta mbwa. Alikwenda mtaa wa Matisi kumwona bintiye Emmy, aliyeolewa huko, akamkuta jirani yake Emmy, Rosaline Wahu, akimwosha mbwa jike wa rangi ya majani makavu. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umevunjika ukapona upande. Rosaline huokota mbwa waliogongwa au kutupwa, akawatibu kwa pesa za maziwa ya ng'ombe wake, kisha akawatafutia makao. Huyu aligongwa na bodaboda mbele ya posta ya mjini, ndiyo maana akaitwa Posta.

Posta alimfuata mgeni hadi langoni, akichechemea. Safari iliyofuata akamfuata tena. Phelista, fundi wa sare za shule huko Kanduyi, ni mjane ambaye watoto wake wote wameondoka nyumbani. Siku nyingine alijikuta akiongea na cherehani.

"Huyu nipe mimi," akasema.

"Sikupi."

"Kwani unamuuza?"

"Mbwa ni wa bure, Mama Ian. Daktari ndiye si wa bure."

Rosaline akamweleza bila kumbembeleza. Kuna chanjo ya kichaa kila mwaka, kuna dawa ya minyoo na ya kupe, na kuna ile siku mbwa ataamka mgonjwa bila kukuuliza kama umelipwa. Mwaka uliopita aliwapa watu fulani mbwa wakamrudisha ndani ya gunia, akiwa ameshachelewa kutibika. "Na walimpenda, wacha nikuambie. Walilia hapa. Lakini upendo haununui sindano."

Sharti lake likawa moja: shilingi elfu tano za mbwa peke yake, kabla ya Agosti kuisha. Zikikosekana, Posta angechukuliwa na mwalimu mmoja wa Kitale ambaye pesa alikuwa nazo tayari.

Phelista alirudi Kanduyi akafanya alilolijua. Katika boma lake kila mtoto alipewa kuku wake. Mayai ya kuku huyo na vifaranga vyake vilikuwa mali ya mtoto, na ndivyo mwanawe Ian alivyopata viatu vya kwanza vya shule. Basi akamchagulia Posta tembe mmoja mweusi, akamfunga uzi mguuni ili asichanganywe na wengine. Tembe akaangua, akalea vizuri. Akasajili pia laini ya pili ya simu, na kila alipouza mayai, pesa zikaingia huko. Kuku wake mwenyewe aliwauza Pasaka ili cherehani itengenezwe. Wale wa Posta hakuwagusa.

Kufikia katikati ya Agosti, laini ya Posta ilikuwa na zaidi ya nusu. Majogoo watatu wakubwa wangemalizia, na alikuwa amepanga kuwapeleka sokoni Bungoma Jumamosi.

Ijumaa, Mukhisa akaingia uani.

Mukhisa ni kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mulamwa wake, na mgeni wa namna hiyo halishwi sukuma wiki. Phelista alisimama jikoni akisikia majogoo wakiwika nyuma ya nyumba. Asipochinja, habari ingefika kwao Chwele kabla ya mgeni mwenyewe. Akichinja, Posta angeenda kwa mwalimu.

Akachinja.

Mukhisa alikula, akatafuna firigisi yake polepole, akashiba. Alipokuwa anachokoa meno, Phelista aliketi mbele yake, akatoa pesa alizojiwekea za gauni la kanisani, bei kamili ya jogoo, akazituma kwenye ile laini ya pili. Simu ya pili ikalia papo hapo mezani.

"Unamtumia nani pesa usiku huu, mulamwa?"

"Posta. Umekula jogoo wake."

"Posta ni mtoto wa nani?"

"Ni mbwa."

Mukhisa akaacha kuchokoa meno. "Ati nimelishwa kuku wa mbwa? Mimi?"

"Kuku wa mtoto akichinjwa, mtoto analipwa. Si wewe mwenyewe ulimlipa Ian ulipokula wake?"

"Ian ni mtu, bana!"

"Daktari wa huyu hatauliza hiyo."

Kisha Mukhisa akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo zima. "Basi huyo mbwa ni tajiri kunishinda. Mimi sijawahi kulipwa kuku wangu hata mmoja." Phelista akamwongezea chai.

Jumamosi majogoo wawili waliobaki wakauzwa. Jumatatu alikuwa Matisi. Rosaline alitazama salio, akauliza maswali kama karani wa benki, akaambiwa habari ya Mukhisa.

"Na akija mgeni mwingine?"

"Hapo ndipo nilikosea," Phelista akakiri. "Pesa ya dawa ikitembea kwa miguu, wageni wanaiona. Halafu kideri kikiingia kwa kuku, inakufa yote. Sasa nitauza jogoo akianza tu kujaribu kuwika. Tembe abaki wa kuzaa, pesa ikae kwa laini."

Rosaline akaingia ndani kuchukua kamba na cheti cha chanjo. Mwalimu alipigiwa simu siku hiyo hiyo.

Mwezi wa tatu tangu Posta ahamie Kanduyi, aliamka asubuhi moja akakataa ugali. Fizi zake zilikuwa zimepauka. Jirani akasema ni uchovu tu, mpe maji ya mwarobaini usubiri. Phelista hakusubiri. Alimpigia Chesang, daktari wa mifugo wa mjini, ambaye alifika kabla ya saa nne akamkuta na homa ya kupe. Damu ikapimwa, sindano zikadungwa siku kadhaa mfululizo. Laini ya pili ilibaki na salio la kununulia unga wa uji tu.

Rosaline alipiga simu wiki iliyofuata. Nyuma ya sauti ya Phelista kulikuwa na kelele za mbwa akibweka.

"Anaendeleaje?"

"Ngoja kidogo, dada, nimfungie ndani. Anamfukuza mteja wangu."